Kufuli Namba Mia Moja na Kumi na Nne

Sehemu ya kumi na tisa

Juma lililopita tulimwacha Bi Hamsini kasimama katikati ya chumba cha kuongozea gridi ya taifa, redio mkononi, midomo imemkauka, baada ya kuambiwa maneno ambayo hakuna mke wa fundi wa laini anayetaka kuyasikia.

Waliosahau niwakumbushe haraka, maana dakika za leo ni chache. Ni siku ya jaribio. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nchi nzima iendeshwe kwa jua, upepo, maji na betri, bila hata kijiko kimoja cha makaa ya mawe. Wakishinda, mtambo wa makaa unafungwa jioni hii hii. Wakishindwa, mkataba wa makaa unasainiwa kwa miaka ishirini mingine, na mtoto aliyezaliwa leo atamaliza shule akikohoa moshi uleule.

Sasa ni saa tisa na robo alasiri. Jua limefunikwa na mawingu ambayo hakuna aliyeyatabiri. Betri zinabeba mzigo karibu peke yake, na zimebaki na dakika arobaini. Upepo upo tele, lakini umeme wake hupita Laini ya Pili, na Laini ya Pili imezimwa tangu asubuhi ili mafundi waoshe vikombe vya minara, vile vya kauri vinavyoshikilia waya. Mafundi wamemaliza. Wameshuka. Wametoa makufuli yao kwenye swichi.

Wote, isipokuwa mmoja.

"Rudia," Bi Hamsini alisema kwenye redio.

"Limebaki kufuli moja, bosi," alijibu Nyundo, msimamizi wa uwanja wa swichi. "Kibati chake ni namba mia moja na kumi na nne. Ni la mzee wako."

Watu wa laini wana sheria moja ambayo hata mlevi wao haivunji. Kabla hujapanda mnara, unatundika kufuli lako jekundu kwenye mkono wa swichi, na ufunguo ni mmoja tu, unaning'inia shingoni mwako. Kufuli likiwepo, maana yake mwili wako uko kwenye waya. Msimamizi haligusi, waziri haligusi.

"Mume wangu yuko likizo!" Bi Hamsini alifoka. "Nimemwacha nyumbani na bukta!"

"Mimi nasoma kibati, bosi. Ya nyumbani kwako siyajui."

Bi Hamsini alitupa jicho ukutani. Umeme wa nchi una mapigo, na mapigo hayo yanatakiwa kuwa hamsini kila sekunde. Yakishuka sana, mitambo inajizima mmoja baada ya mwingine mpaka nchi nzima inaingia gizani. Kwa miaka kumi na miwili mwanamke huyu ameitazama ile namba kuliko alivyowatazama wanawe, ndiyo maana wakambandika jina. Sasa namba ilisoma arobaini na tisa nukta sita.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mkurugenzi wa shirika la umeme, suti ya kijivu, faili kwapani, uso wa mtu aliyekuja msibani kwa adui yake.

"Nasikia mambo yamekwama," alisema.

"Umesikia kwa nani? Hata dakika mbili hazijapita."

"Mimi ndiye Mkurugenzi. Husikia." Akaweka karatasi mezani. "Hii ni amri ya kuwasha makaa. Tanuri lina moto, linasubiri neno lako tu. Saini, nchi isizimike. Hakuna atakayekulaumu. Umejaribu, mama. Jua ni zuri, lakini ni la kukaushia nguo."

Damu ilimchemka Bi Hamsini mpaka masikioni. Maneno hayo ya nguo alikuwa ameyasikia kwenye kila kikao, mwaka hadi mwaka, kutoka kwa mtu huyuhuyu, na kila mara wanaume wazima walikuwa wakicheka.

"Toa karatasi yako mezani kwangu kabla sijaifutia vumbi," alisema.

Msaidizi wake, mhandisi mwembamba wanayemwita Profesa, alikuwa tayari amepiga simu ya nyumbani kwa Bi Hamsini mara nne. Mara ya tano ikapokelewa. Akaweka sauti ya juu.

"Halo?" Sauti ya usingizi. Sauti ya mume!

Bi Hamsini alishika meza. Kisha hofu ikageuka hasira palepale, kama inavyokuwa kwa wanaopenda.

"Baba watoto! Umelala? Kufuli lako linatafuta nini kwenye laini yangu?"

"Kufuli... lipi?"

"Unayo mangapi?"

Profesa hakusubiri. Alichomoa fomu kwenye droo, macho yanamng'aa. "Mwenye kufuli yuko hai, yuko nyumbani, tumemsikia wote. Hapo sheria inaruhusu kulikata kufuli. Saini hapa bosi, niipeleke kwa Nyundo. Dakika tano tu tuna upepo!"

Bi Hamsini akasaini. Alisaini kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi, huku akiizima ile sauti ya juu na kuleta simu sikioni ili amalizane na mumewe kwa siri. Mambo ya ndani si ya kusikilizwa na Mkurugenzi.

"Sasa niambie," alinong'ona.

Mume akasema haraka haraka: "Mke wangu, usinikasirikie. Nililiazima."

"Uliliazima?"

"Jana jioni. Dada yangu alikuja. Akasema lake limepotea, ana kazi asubuhi, akiripoti atakatwa mshahara wa siku. Nikampa na ufunguo."

Kuazima kufuli ni kama kuazima mswaki, hakuna fundi mwenye akili anayefanya hivyo. Mumewe, fundi wa miaka ishirini na moja, amefanya, kwa sababu kwa dada yake huyo hajawahi kulijua neno hapana.

Na dada huyo, naye fundi wa laini, hakuwa kwenye orodha ya mafundi wa leo.

"Profesa!" alipiga kelele. "Simama!"

Profesa alikuwa na mkono kwenye kitasa. Akarudi, amekunja uso, akaweka fomu mezani karibu na kikombe cha chai.

"Nini tena?"

Hapo, wasomaji wangu, Bi Hamsini alikuwa peke yake duniani. Hakuna mwingine aliyesikia neno lile. Saini ilikuwa halali. Mwenye kufuli alikuwa hai. Angenyamaza tu, upepo ungeingia, makaa yangekufa, Mkurugenzi angeenda nyumbani kichwa chini. Na liwalo huko mnarani lingeitwa ajali. Sitawaficha: wazo lilimpitia. Akalikataa.

"Kuna mtu juu," alisema. "Ni wifi yangu."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakaribia kukata.

"Nilijua utapiga," ilisema sauti, na nyuma yake upepo ulivuma.

"Uko wapi?"

"Mnara wa sita, nyuma ya kilima. Nimejifunga mkanda hapa kwenye vikombe, waya u karibu na pua yangu. Hakuna anayeniona. Washa ukitaka, wifi. Wewe si umezoea kuua watu kwa kalamu?"

Bi Hamsini aliweka sauti ya juu. Safari hii alitaka wote wasikie.

"Wifi, shuka. Una wazimu?"

"Nishuke niende wapi? Mume wangu kachochea lile tanuri miaka ishirini na miwili. Mapafu yake kayaacha humo. Leo mnalifunga, sawa, lifungeni, hata mimi moshi ule siupendi, nguo zangu kamba nzima zinakuwa nyeusi! Lakini mliahidi. Mlisema watu mia mbili na kumi na wawili watafundishwa, watahamishiwa kwenye betri na upepo. Juzi kaletewa barua. 'Huduma yako haihitajiki tena.' Mwisho leo jioni. Na chini ya barua kuna saini ya nani? Ya kwako! Wewe uliyekula kwangu! Wewe niliyekubebea mtoto wako wa kwanza mgongoni!"

"Mimi sijasaini barua yoyote."

"Ninayo mfukoni hapa!"

"Ile orodha ya mia mbili na kumi na wawili niliiandika mimi, kwa mkono wangu! Jina la mumeo ni la saba!" Bi Hamsini sasa alikuwa akipiga kelele pia. "Nilimkabidhi Mkurugenzi mwenyewe! Unadhani naweza kumfukuza mumeo halafu nije kwako kula?"

"Naona saini kwa macho yangu."

"Soma tarehe."

"Tarehe gani? Niko juu ya mnara, nisomeshwe tarehe!"

"Soma, wifi!"

Karatasi ilikwaruza. Upepo ulivuma. Chumbani, mapigo yalikuwa arobaini na tisa nukta tano, na dakika za betri ishirini na nane.

"Tarehe tisa mwezi uliopita," ilisema sauti, taratibu. "Imesainiwa asubuhi, ofisini kwa Mkurugenzi, mbele yake."

"Tarehe tisa asubuhi mimi nilikuwa wapi?"



"Tulikuwa tunamzika mama," wifi alisema, na sauti ikamkatika. "Ulikuwa na mimi uani. Tulikuwa tunasugua sufuria."

"Siku tatu sikutoka kwenu."

"Siku tatu hukutoka." Akavuta kamasi. "Mungu wangu. Sasa nani..."

Bi Hamsini hakuhitaji kujibu. Vichwa vyote chumbani vilikuwa vimegeuka upande mmoja.

Mkurugenzi alirekebisha tai. "Maneno ya mtaani," alisema. "Mwanamke amepanda mnara, ana kizunguzungu."

"Ulighushi saini yangu." Bi Hamsini alimwendea hatua kwa hatua. "Ukaificha orodha yangu. Ukawaambia watu mia mbili na kumi na wawili kwamba mimi ndiye nawatupa, ili waje kuniharibia siku hii kwa mikono yao wenyewe. Hukujua nani atafanya nini, ila ulijua mtu mmoja lazima atafanya kitu. Watu masikini, wenye watoto! Huna haya? Huna hata chembe?"

"Ongea taratibu na mimi."

"Nitaongea nilivyo!"

Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ikabadilika. "Wifi, nisikilize. Shuka. Njoo utoe kufuli kwa mkono wako. Barua hiyo ilete, ni ushahidi. Itakuchukua muda gani?"

"Kujifungua, kushuka, kisha pikipiki mpaka uwanjani... nusu saa. Mikono yangu imekufa ganzi."

"Anza. Usikate simu."

Profesa alikuwa amekwisha piga hesabu. Alitikisa kichwa. "Hatufiki, bosi. Betri zina dakika ishirini na sita. Tunapungukiwa hata akikimbia."

"Basi makaa," alisema Mkurugenzi, na akatabasamu. "Au giza. Chagua, mama."

Bi Hamsini alisimama akiitazama namba ukutani. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Profesa, kanuni za jaribio zinasemaje? Zisome kama zilivyoandikwa."

Profesa alifunua kijitabu. "'Mtambo wa makaa usiwashwe. Na nyumba yoyote ya raia isikatiwe umeme.'"

"Nyumba ya raia."

"Ndiyo."

"Ofisi je?"

Profesa alisoma tena, kidole kikifuata mstari. Polepole midomo yake ikaanza kucheza. "Ofisi hazimo."

"Aliyeandika kanuni ni nani?"

"Mkurugenzi."

"Ahsante, Mkurugenzi." Bi Hamsini alikaa kwenye kiti chake na kuvuta kibodi. "Zima makao makuu yetu. Zima wizara. Zima jengo la bodi. Mtaa wote wa maofisi, kila kiyoyozi, kila lifti ikishafika chini, kila friji ya vinywaji vya wakubwa. Hospitali usiguse, shule usiguse, nyumba ya mtu usiguse."

"Huthubutu!" Mkurugenzi aliruka.

Akathubutu. Chumba chao kina betri zake, hakikutikisika. Lakini ng'ambo ya ua, ghorofa tisa za makao makuu zilinyamaza ghafla. Feni za viyoyozi zikaacha kuunguruma. Dirisha moja likafunguliwa, kisha la pili, kisha ishirini, na watu wenye tai wakatoa vichwa nje kutafuta hewa.

Ukutani namba ilipanda. Arobaini na tisa nukta nane. Dakika za betri zikaruka kutoka ishirini na tano hadi thelathini na tisa.

Chumba kizima kilipiga makofi. Fundi mmoja wa kompyuta alipiga kigelegele, naye ni mwanamume mwenye ndevu. Bi Hamsini hakucheka. Hasira yake ilikuwa bado mbichi, na kila alipofikiria ile saini ya kughushi alitamani kuvunja kitu.

"Umezima ofisi yangu," Mkurugenzi alisema, sauti chini.

"Panda ngazi kama wenzako. Na ukifika juu, tafuta wakili."

Alitegemea matusi. Hayakuja. Mkurugenzi alikusanya karatasi zake mezani, moja moja, bila haraka, akaziingiza kwenye faili, akatoka na kufunga mlango kwa upole.

Wasomaji wangu, mtu wa namna hii akiondoka kimya, hesabu vitu vyako.

Bi Hamsini hakuhesabu. Alikuwa na simu sikioni. "Wifi, umefika wapi?"

"Bado niko hapahapa juu. Mkanda umegoma. Ile ndoano imeingia kutu au nini, sijui." Alikuwa akihema. "Wifi, nisamehe. Nimekutukana njia nzima ya kupanda huku."

"Utanitukana tena kesho. Fungua mkanda kwanza."

"Nyaya za kutuliza umeme, zile za kuupeleka ardhini, mafundi walishazitoa walipomaliza. Hapa sina kinga hata moja, unajua?"

"Una kufuli. Kufuli lipo, hakuna atakayewasha."

Alilisema hilo kwa uhakika wote wa miaka kumi na miwili. Ndipo macho yake yakashuka mezani. Kikombe cha chai kilikuwepo. Kalamu ilikuwepo. Kulikuwa na duara la maji pale karatasi ilipokuwa imelala.

"Profesa," alisema. "Ile fomu ya kukata kufuli iko wapi?"

"Niliiweka hapo."

"Hapo wapi?"

Profesa aliinua kikombe. Akachungulia chini ya meza. Kisha akaugeukia mlango, na rangi ikamtoka usoni.

Fomu ile haikuwa ya kughushi. Saini ile ilikuwa yake mwenyewe, mbichi, wino haujakauka vizuri. Na mwanamke akifa kwenye waya leo, kwa saini ya Bi Hamsini, hakuna atakayezungumzia tena jua wala upepo katika nchi hii. Watamzika maiti, watamfunga muuaji, na makaa yatawaka miaka ishirini.

Alirukia redio. "Nyundo! Nyundo, simama! Usikate! Nyundo, nijibu!"

Redio ilikoroma tu.

Alinyakua simu ya mezani ya uwanjani. Inatumika. Akakata, akapiga tena. Inatumika. Huku mkono wa kushoto bado umeshika simu ya mkononi, na wifi anahema ndani yake. Akapiga mara ya tatu. Ikaita. Ikapokelewa.

"Nyundo!"

"Bosi!" Sauti ya Nyundo ilikuwa na furaha. "Ndiyo kwanza nakata simu na Mkurugenzi. Picha ya fomu nimeipata. Nimemwambia, saini ya Bi Hamsini hata nikiwa usingizini naijua! Kufuli tumeshalikata. Tulia kabisa, hii swichi naenda kuiwasha kwa mkono wangu."

"Nyundo, usi..."

Mkonga wa simu uligonga mbao. Hakukata. Aliulaza mezani na kwenda zake, kama afanyavyo siku zote ili aje kutoa taarifa kazi ikiisha.

"Nyundo! Nyundo!"

Profesa alikamata redio na kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Na kupitia mkonga ule Bi Hamsini aliisikia sauti ya Profesa ikilia kutoka kwenye redio ya Nyundo, palepale mezani alipoiacha, kwenye chumba kisicho na mtu.

Kisha akasikia viatu vizito vikikanyaga kokoto, vikienda.

"Wifi!" alipiga kelele kwenye simu ya mkononi. "Wifi, jitoe! Jitupe nyuma, usiguse kitu!"

"Nini? Upepo mkali, sikusikii!" ilijibu sauti. "Ngoja niweke simu mfukoni, nahitaji mikono miwili. Nikiushika huu waya nikajivuta kidogo, ndoano itaachia."

"Usiushike! Wifi! Usiushike!"

Kitambaa kilikwaruza juu ya simu. Sikio la kushoto likabaki na upepo na mtu anayehema kwa nguvu.

Kwenye sikio la kulia, hatua za kokoto zikasimama. Nyundo alikuwa amefika kwenye swichi.